Fuawe ya Mvua Moja

Villa Estefanía, 19 Aprili 1998

Mjomba Abdías,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa lori la Eudocio lilikwama mara mbili kwenye udongo ulioporomoka, abiria wote tukashuka kulisukuma. Viatu vya shule nilivivua nikavifunga shingoni. Mwambie Mama, asije akasikia kwa watu kwamba niliingia mjini pekupeku. Goti lake linaendeleaje? Asipande shambani kabla halijanyooka. Na yule kuku mwekundu, hata kama bado hatagi, nawaomba msimchinje.

Bi Irma, mwenye nyumba ninayokaa, ni mkali kidogo lakini anapika vizuri. Kila Jumamosi anaoka mkate wa ndizi kama walivyooka mababu zake waliotoka Ulaya. Baba yake, mzee Leopold, ana miaka tisini na sita. Kazi yangu baada ya shule ni kumpelekea supu na kumsomea gazeti. Hasikii sana, kwa hiyo mimi ambaye darasani sauti haitoki, pale inanibidi nipige kelele hadi majirani wanajua habari za dunia. Bi Irma anasema ndiyo dawa yangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Mji huu unatimiza miaka mia moja tarehe 12 Septemba. Mwalimu Zevallos ametangaza shindano la insha, "Mwanzo wa Mji Wetu", na itakayoshinda itasomwa uwanjani mbele ya watu wote. Ametugawia kitabu kidogo cha manispaa. Nimekisoma mara tatu. Ukurasa wa nne unasema familia kumi na saba za walowezi zilipofika hapa zilikuta "msitu mtupu, usio na mtu wala jina". Nilipofika hapo niliinua mkono. Unanijua, Mjomba, mkono wangu hauinuki ovyo. Nikauliza, kama hapakuwa na mtu, ni nani aliyewaonyesha njia? Maana ukurasa wa tatu unasema walionyeshwa njia.

Werner, anayekaa nyuma yangu, akasema, "Tumbili ndio waliowaonyesha. Waulize nyumbani kwenu, Judit."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akasema, "Haya, haya, tuendelee." Tukaendelea. Masikio yangu yalikuwa ya moto mpaka jioni.

Kuna na hili. Kwenye ukumbi wa manispaa imewekwa fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi huweka juu yake chuma cha moto na kukigonga. Ina kibao: "Fuawe ya waanzilishi wetu, iliyobebwa mabegani kuvuka milima." Mimi nimekua nikisikia kwamba babu yako Pascual alikuwa mhunzi wa mwisho kwetu sisi Wayanesha, na kwamba nyumba ya ibada ya wazee na tanuri la chuma vilikuwa pamoja, hapa hapa ulipo uwanja wa mji. Ndiyo maana sisi hatusemi Villa Estefanía, tunasema Penye Tanuri. Sasa, fuawe ya babu Pascual ilikwenda wapi? Niandikie yote unayoyajua. Insha inatakiwa tarehe 20 Juni.

Mpwa wako,
Judit


Alto Tunqui, 24 Mei 1998

Mpwa wangu Judit,

Marahaba. Barua yako ya Aprili imenifikia jana. Mvua ilibeba daraja, na Eudocio aliitunza chini ya kiti cha lori wiki zote hizo. Inanuka dizeli lakini inasomeka. Mwandiko wako umelala upande kama mtu aliyeanza pombe ya muhogo tangu alfajiri. Nilikufundisha kuandika wima.

Goti la mama yako limepona, na alipanda shambani siku ile ile aliyosikia umemkataza. Kuku mwekundu ameanza kutaga. Nadhani alisikia anajadiliwa. Kahawa imeiva mapema upande wa jua na mikono ya kuchuma haitoshi. Mama yako anauliza kama unakula muhogo huko au ni mikate tu, maana mkate haushiki mifupani. Tumekutumia samaki saba waliokaushwa kwa moshi. Wakipungua, muulize Eudocio kwa upole, kisha mtazame tumbo.

Huyo kijana wa tumbili mpuuze. Baba yake alikuja huku mwaka juzi kununua kahawa akaanguka mtoni mara mbili kwenye jiwe moja. Tumbili haanguki.

Shindano ni jambo jema. Andika kuhusu maua ya okidi, wageni wanayapenda. Au andika kuhusu mito, habari za mito unajua kuziandika.

Usiache hesabu. Mengine tutaongea ukija.

Mjomba wako,
Abdías


Villa Estefanía, 7 Juni 1998

Mjomba,

Shikamoo. Samaki wamefika watano. Eudocio anasema wawili waliruka dirishani. Mwambie Mama muhogo naupata sokoni, na kwamba nimefurahi kuhusu goti ingawa nimechukia kuhusu shamba.

Mjomba, nilikuuliza jambo moja ukanijibu maua. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwanafunzi akiruka swali, ama halijui ama analiogopa. Sijui nifikiri lipi juu yako.

Nimekwenda kuiangalia ile fuawe. Ijumaa darasa letu lilipelekwa kufagia ukumbi, nikaomba kona ile. Nilipiga magoti kana kwamba naokota takataka. Chini, karibu na kitako chake, pana alama iliyochongwa: jua lenye miale mitano, na chini yake mistari mitatu iliyopinda. Ni alama ile ile anayoifuma Mama kwenye ukanda wa kubebea mtoto. Ule ulionibeba mimi! Watu waliotoka ng'ambo ya bahari wangeijulia wapi? Niliigusa. Ni baridi, na katikati imebonyea kwa kugongwa miaka mingi.

Jana nikamsomea mzee Leopold gazeti la hapa mjini. Limeandika kwamba fuawe itajengewa mnara uwanjani.

"Fuawe gani?" akauliza.

"Ya waanzilishi! Waliyoibeba kuvuka milima!"

Akacheka mpaka supu ikamwagika kwenye blanketi. "Baba yangu alivuka na godoro na kuku wawili, na kuku mmoja akafa njiani. Fuawe! Kile chuma ni cha yule..."

Bi Irma akaingia. "Baba, supu inapoa."

"Ni ya nani, mzee?" nikapiga kelele.

"Judit," Bi Irma akasema, "mzee amechoka."

Hakuonekana kuchoka hata kidogo. Alikuwa anatafuta kijiko chake huku bado anacheka. Yaani hapa kuna mtu anayejua na huko kuna mtu anayejua, na mimi nisiyejua kitu ndiye ninayetakiwa kuandika. Zimebaki siku kumi na tatu. Nakusihi unijibu.

Judit


Villa Estefanía, 12 Julai 1998

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Natumaini hamjaugua.

Likizo hii sitakuja. Tuna mazoezi ya gwaride kila asubuhi, na Mwalimu Zevallos amesema mimi hasa nisikose. Mwambie Mama asikasirike. Mnara umeshajengwa hadi kiunoni. Tarehe 12 Septemba wataiweka fuawe juu yake na kuizungushia zege isitoke tena, na chini yake kibao kipya cha shaba kinachochongwa Lima.

Nimepata kamusi kubwa yenye jalada gumu. Inanisaidia sana.

Sina mengi.

Judit


Alto Tunqui, 26 Julai 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili ziko mbele yangu, ya Juni na ya Julai. Lawama ya kuchelewa lipe daraja. Huku wazima. Mama yako anafuma ukanda mpana kupita kiasi na hasemi ni wa mtoto wa nani, kwa hiyo wanawake wote wenye waume wanaangaliwa matumbo. Aliposikia huji hakulia, lakini alipepeta kahawa ile ile mara tatu.

Hukusema kamusi imetoka wapi. Kitabu cha namna hiyo hakiokotwi njiani. Nakuuliza mara moja tu.

Sasa sikiliza. Haya niliyasikia kwa babu Pascual mwenyewe nikiwa na miaka kumi, shavu lake limejaa majani ya koka ya kutafuna, na hakuyarudia.

Walowezi walifika wakati wa mvua. Walikuwa na njaa, watoto wao wanakohoa, mashoka yao yamekwisha makali. Watu wetu wakawapa muhogo na kuwalaza ndani ya nyumba ya ibada, kando ya tanuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na paa kubwa. Patupu! Walilala juu ya mikeka yetu, Judit. Mvua ilipopungua wakajenga ng'ambo ya mto, na mmoja wao, baba yake huyo mzee unayempelekea supu, akaja kuiomba fuawe. Alinyoosha kidole kimoja. Mvua moja tu, yaani msimu mmoja, atengeneze majembe na viatu vya farasi, kisha atairudisha.

Kwetu unajua. Mtu akikuomba kitu ulicho nacho, unampa. Mchoyo tunamwogopa kuliko mwizi. Na ukishampa huendi kumdai, maana kumwambia mtu "nirudishie" ni kumtukana mbele ya watoto wake. Unangoja akumbuke. Ukiona amesahau sana, unamtembelea na zawadi, unakaa, unaongea habari za mvua. Akiuona uso wako anakumbuka, anaona haya, anakwenda kukileta. Ndivyo tulivyoishi, na vitu vilikuwa vinarudi.

Mvua ikapita. Babu akaenda na nyama kavu. Wakampokea vizuri, wakampa jibini, wakamsindikiza hadi langoni. Mwaka uliofuata akaenda tena na nyama. Jibini tena. Alikwenda miaka kumi na mmoja. Kila mara alikaa kwenye benchi lao akiisikia fuawe yake inalia nyuma ya nyumba, na hakuitaja. Katikati ya hapo surua ikatuua nusu. Ardhi ya nyumba ya ibada ikapimwa kwa kamba na kuzungushiwa uzio, kwa sababu iliandikwa haina mtu. Mtu alikuwa amekaa kwenye benchi lao, anakula jibini! Tukapanda juu huku. Tangu siku hizo panga likivunjika tunanunua dukani kwao.

Hatukuiuza wala hatukuitupa. Tulingoja. Sasa umejua, usiniulize zaidi.

Mjomba wako,
Abdías


Villa Estefanía, 16 Agosti 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Mama kwamba Bi Irma ananiruhusu kupika muhogo Jumapili, na mzee Leopold huomba kipande.

Barua yako niliisomea chooni, ndiko peke yake kwenye komeo. Nimekaa nayo siku nyingi kabla ya kukujibu.

Umeuliza kamusi. Ni zawadi ya mshindi wa insha. Mshindi ni mimi.

Tarehe 20 Juni ilifika na barua yako haikuwapo. Nilikuwa na karatasi, na kitabu cha manispaa, na aibu ya kuinua mkono tena. Nikaandika kutoka kitabuni. Niliandika vizuri, Mjomba, hilo ndilo linaloniuma. Nilichagua maneno usiku na mchana kana kwamba natafuta ukweli. Sentensi yangu moja Mwalimu aliipenda hata akaipeleka Lima, na sasa imechongwa kwenye shaba: "Waliukuta msitu usio na mtu wala jina, nao wakaupa jina kwa chuma walichokibeba mabegani." Chini yake limechongwa jina langu, na chini ya jina langu, "mwanafunzi wa jamii ya Wayanesha". Unaona walichokitaka? Walitaka mmoja wetu ndiye aseme kwamba hatukuwapo. Nami nikawasemea, kwa mwandiko safi, wima kabisa kama ulivyonifundisha.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Mwalimu Zevallos.

"Mwalimu, naomba kubadilisha sentensi."

"Shaba imeshachongwa, Judit."

"Lakini si kweli. Fuawe ni yetu. Iliazimwa."

"Una hati?"

"Nina mjomba."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mjomba si hati. Binti yangu, tusiharibu sherehe ya watu. Kila nyumba ina hadithi yake."

Nikataka kumwambia kwamba kitabu chake nacho ni hadithi ya nyumba za watu. Sauti haikutoka. Ilitoka nilipofika nje, na nje hapakuwa na mtu.

Nina hasira na Mwalimu, na manispaa, na Werner. Lakini na wewe pia, na unisamehe kwa kulisema. Ungeniandikia Mei haya uliyoniandikia Julai, jina langu lisingekuwa kwenye shaba ile. Umekuwa mwalimu zaidi ya miaka thelathini. Watoto wote wa Alto Tunqui umewafundisha kuandika, na jambo hili hukuliandika popote! Kwa nini? Na usiniambie ni daraja. Eudocio anasema barua yangu ya Juni alikukabidhi mkononi tarehe 11.

Judit


Alto Tunqui, 29 Agosti 1998

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo, kuku hajambo, kahawa imekauka. Nimemaliza salamu.

Eudocio ni mmbeya lakini si mwongo. Niliipata tarehe 11. Niliiweka juu ya rafu, nikawa naipita kila asubuhi kama mtu anayempita mdai wake.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwalimu wa kwanza wa kwetu, viatu vipya, Kihispania kilichonyooka. Wazee walikaa siku tatu wakitafuna koka, wakaamua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliamua: tuombe turudishiwe. Babu Pascual alikuwa ameshakufa akingoja, nao hawakutaka kufa hivyo. Wakanituma mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuongea na walowezi.

Nilitembea siku mbili. Nikapiga hodi manispaa. Meya wa wakati ule akanipa kiti, akaagiza niletewe kahawa kwenye kikombe chenye kisahani. Akaniambia, "Unaongea vizuri kuliko wanangu." Fuawe ilikuwa nyuma yake, juu yake wameweka chungu cha maua. Nilikunywa kahawa yote. Nikamshukuru. Nikatembea siku mbili kurudi, nikawaambia wazee nilikuta ofisi imefungwa.

Wamekufa wote wakiamini ilikuwa imefungwa. Dada yangu, mama yako, anaamini hivyo hadi leo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ulipouliza mwezi wa Aprili nilijua kwamba nikianza kukusimulia, nitafika kwenye kikombe kile. Basi nikakuandikia maua.

Sitakuambia ufanye nini tarehe 12. Sina uso wa kukuagiza. Ila lijue hili moja: waliokuwa na haki ya kuamua tuombe, waliamua. Walikaa siku tatu, nami nilikuwapo. Hakuna aliyelitengua neno lao. Ni mjumbe tu ambaye hakufika.

Abdías


Villa Estefanía, 14 Septemba 1998

Mjomba,

Shikamoo. Nakusimulia kama ilivyokuwa, kabla Eudocio hajakusimulia kwa chumvi yake.

Uwanja ulijaa. Bendi, gwaride, meya na utepe wake kifuani. Fuawe ilikuwa juu ya mnara lakini haijajengewa. Fundi alikuwa kando na toroli la zege, anakoroga lisikauke. Kibao kilikuwa kimefunikwa na bendera. Mzee Leopold aliwekwa mbele kabisa kwenye kiti chake, blanketi magotini, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote.

Wakaniita. Nikapanda jukwaani na karatasi yangu, mbele ya kipaza sauti. Nikasoma aya ya kwanza, ya mto. Nikasoma ya pili. Nikafika kwenye ile sentensi, mdomo ukafungika. Werner akasema, "Tumbili kameza ulimi!" na wengine wakacheka.

Mjomba, nilimwona babu Pascual kwenye benchi lile, miaka kumi na mmoja, na kipande cha jibini mkononi. Nikaiweka karatasi chini. Nikashuka jukwaani nikasimama mbele ya mzee Leopold, nikapiga kelele kama ninavyomsomea gazeti. Sikuhitaji kipaza sauti. Sauti hiyo nimeijenga kwa supu yake.

"Mzee Leopold! Baba yako aliiazima fuawe hii kwa babu yetu Pascual! Kwa mvua moja! Wazee wetu wamenituma. Naomba mturudishie!"

Bi Irma akanishika mkono. Meya akasema, "Bendi! Bendi!" lakini mpiga tarumbeta alikuwa anatazama kama wengine.

Mzee akanikazia macho. "Yule wa nyama kavu?"

"Ndiyo, yule wa nyama kavu."

"Mbona mmechelewa hivyo?"

Akaendelea, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. "Nilikuwa mdogo, nyama ile naikumbuka. Baba kila akimwona anakuja anasema, leo ataiomba. Haombi! Anakula jibini, anaondoka. Baba akasema, huyu haitaki tena."

Baadhi ya watu walicheka kwa kupumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi sikucheka.

"Mlijua ni ya kuazima," nikamwambia.

"Tulijua."

"Na kibao cha ukumbini?"

Akalivuta blanketi lake. "Kibao waliandika vijana." Vijana hao, Mjomba, walikuwa wamekaa nyuma yake na mvi zao.

Nimelifikiria tangu Jumamosi na hasira haipungui. Wangekuwa hawajui, ningesema ni wajinga, yameisha. Walijua! Walijua, wakapanda maua juu yake, wakaandika wameibeba, wakaja kutafuta mtoto wetu aandike kwa shaba. Eti kosa letu ni kutokuomba. Kwani mtu aliyeazima kitu hawezi kukirudisha mpaka aombwe?

Meya akasema ni mali ya manispaa na sherehe iendelee. Akampungia fundi. Mzee Leopold akainuka, mimi na Bi Irma tukamdaka huku na huku, akaiweka fimbo yake juu ya fuawe. "Zege hilo kamwagie kwako," akamwambia meya. Fundi akakaa juu ya kingo za toroli. Hotuba zilizofuata zilikuwa ndefu, na zege likagandia humo humo ndani ya toroli. Kibao hakikufunuliwa.

Mwisho meya aliniita pembeni. Jambo kubwa haliombwi na mwanafunzi, akasema. Kama jamii inaitaka fuawe, aje mtu mzima aliyetumwa, aketi ofisini kwake, aseme kwa kinywa chake. Anangoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ataleta toroli jingine.

Kamusi nimeirudisha. Mwalimu Zevallos aliipokea bila kunitazama, lakini kibao cha shaba kimo kabatini kwake, hajakipeleka popote. Bi Irma hakuzungumza nami siku mbili. Leo asubuhi ameniuliza kama watu wa kwetu bado wanapenda jibini. Nikamwambia hawakuwahi kuipenda. Akageukia jiko, mabega yakawa yanamtikisika, sijui kwa kilio au kicheko.

Mjomba, ofisi ya manispaa iko wazi. Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Inafunguliwa saa mbili asubuhi, inafungwa saa kumi.

Judit


Alto Tunqui, 20 Septemba 1998

Mpwa wangu Judit,

Barua yako imefika upesi. Eudocio aliendesha kama anafukuzwa, na samaki wa watu hakula hata mmoja.

Mama yako amenifanya niisome mara tatu, ya tatu mbele ya jumuiya nzima. Nilipoimaliza sikukaa. Nikawaambia habari za 1961, kikombe na kisahani na yote. Hakuna aliyetikisa kichwa. Wawili kati yao baba zao ndio walionituma. Mama yako akaingia ndani, akarudi na ule ukanda mpana aliokuwa anaufuma tangu Juni, akaniwekea magotini. "Anza kujifunza kuufunga," akasema. Ukanda huo una jua la miale mitano, na umeshonwa mara mbili ubebe kitu kizito. Kumbe hakuna aliyekuwa na mimba.

Tunapanda lori Jumatano, mimi na yeye na vijana wanne. Alhamisi saa mbili kamili nitakuwa mlangoni. Njoo usimame karibu nami, ukiona sauti yangu haitoki unifinye.

Wakinipa kahawa, nitaiacha ipoe.

Mjomba wako,
Abdías